Waulizwe kwa Kiswahili kwanza

Majuzi jirani yangu hapa Peckham, mama wa Mombasa, aliniomba nimsindikize kliniki. Mwanawe amepita miaka miwili, na huku Uingereza mtoto wa umri huo hutazamwa maendeleo yake: mzazi anajaza dodoso, kisha mhudumu wa afya analipitia pamoja naye. Mimi nilikuwa mkalimani, wa bure.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye lugha. Je, mtoto huunganisha maneno mawili au matatu? Mama akawaza, akasema bado, anasema neno moja moja tu.

"Neno kama lipi?" nikamuuliza.

"Sitaki. Imeanguka. Nipe."

Nilicheka, kisha nikashtuka. Sote tuliopitia darasa la sarufi tunajua kwamba katika "imeanguka" mna kiima, njeo na kitenzi. Kwa Kiingereza hayo yangekuwa maneno matatu, na mtoto angepata alama zake. Huyu wetu akaandikwa kuwa bado.

Najua mwalimu wangu wa isimu atanipinga: huenda "sitaki" ya mtoto mdogo ni kipande kimoja alichokikariri, hajakichambua. Sawa, mwalimu. Lakini hilo ndilo la kutafitiwa, na fomu haikuwa na nafasi ya kuliuliza.

Kila yanapotangazwa mafungu ya fedha za takwimu za watoto wa jamii ndogo, iwe ni makabila ya huko kwetu au wahamiaji wa huku, tunashangilia kwamba sasa watoto wetu watahesabiwa. Mimi naona fedha za kwanza ziende kwenye maswali yenyewe. Ukihesabu majibu ya swali lisilomfaa mtoto, unapata idadi kubwa ya watoto "waliochelewa", na idadi hiyo itafuata jamii nzima kwa miaka.

Kazi hii imeshafanywa kwingine. Huko Kilifi, watafiti akiwemo Amina Abubakar walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa pale anavijua. Zikaandaliwa pia orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, na wazazi wasiojua kusoma wakaulizwa kwa mdomo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa kipimo chake kipya cha watoto wa chini ya miaka mitatu mwaka 2023, Pemba ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kilipojaribiwa.

Kukichukua kipimo cha Kilifi na kukileta Peckham kama kilivyo hakutoshi. Mtoto wa huku anajua lifti kabla ya kujua mnazi, na katika sentensi moja anachanganya lugha mbili. Kiswahili cha mama wa Bukavu si cha mama wa Mombasa, na Mbarawa ana Chimwiini chake. Hapo ndipo fedha zinapohitajika, na si nyingi: kuwalipa wakalimani, kukaa na kina mama, kujaribu maswali na kuyarekebisha.

Peckham yenyewe iliwahi kuwa mahali pa utafiti wa namna yake. Mwaka 1935 madaktari George Scott Williamson na Innes Pearse walifungua kituo barabara ya St Mary's kuchunguza afya ya familia. Familia ililipa shilingi moja kwa wiki, na baada ya kupimwa ilikaa na madaktari kuelezwa yaliyoonekana. Kilifungwa mwaka 1950 kwa shida ya fedha. Jambo hilo la kuelezwa ndilo ninalolitamani. Watafiti wengi huja na fomu, wakaondoka nazo, na mama asisikie neno tena.

Katika mkutano ujao nitaomba klabu ianze na jambo dogo: tukusanye maneno ya kwanza ya watoto wa Waswahili wa mtaa huu, kwa ridhaa ya wazazi, na walimu watuongoze. Jirani yangu amekubali kuja. Ameuliza tu kama chai itakuwepo.