Usikate Kidonge kwa Sababu ya Pesa



Mwezi huu tuzungumze juu ya gharama ya dawa za kisukari. Hapa Kharumwa, kama katika vijiji vingi vya Nyang'hwale, pesa huja kwa msimu. Pamba ikiuzwa, au baba akipata mgodini, dawa hununuliwa. Pesa ikiisha, mama humeza nusu kidonge, kisha humeza leo na kuacha kesho. Ukimuuliza husema, "Mbona sijisikii vibaya?" Hapo ndipo penye hatari. Sukari hupanda kimya kimya, ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Kidonda kidogo cha kujikwaa shambani chaweza kuishia kukatwa mguu, na ng'ombe wa ada ya mtoto akauzwa kulipia hospitali.

Inasikitisha, maana dawa hizi hazikukusudiwa ziwe za matajiri. Insulini ilipogunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, wagunduzi wake hawakutafuta utajiri. Mwaka 1923 walikiachia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola moja tu kila mmoja. Kwetu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Lakini msamaha hausaidii kitu ikiwa dawa haipo na mgonjwa anaambiwa akanunue dukani.

Je, tufanye nini?

Kwanza, mweleze mhudumu ukweli kuhusu uwezo wako. Ukificha kwamba unaruka siku, ataona sukari haishuki, atadhani dawa haitoshi, na atakuongezea nyingine. Gharama itazidi.

Pili, dukani taja jina la dawa yenyewe, kama vile metformini, si jina la kampuni. Uliza iliyo nafuu. Ikiwa imesajiliwa, hufanya kazi ile ile.

Tatu, wekeni kibubu cha dawa. Wakati wa mavuno, tengeni fedha ya miezi ya ukata kabla ya kununua bati au vitenge.

Nne, anayechoma insulini asiache hata siku moja. Akiikosa, awahi hospitali. Asiye na jokofu aitunze katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, ili joto lisiiharibu.

Nanyi akina baba, katika nyumba nyingi dawa ya mama hununuliwa mwisho, baada ya mbolea, ada na vocha ya simu. Ihesabuni pamoja na unga na chumvi. Mama akipofuka, nyumba nzima hupapasa.

Tuombeane, lakini dawa tusiache. Tukutane mwezi ujao.