Tunameza dawa, chanzo tumekilalia

Mtu akiamka anapiga chafya mfululizo, macho yanamuwasha na pua inachuruzika, hafikirii zahanati. Anakwenda duka la dawa la mtaani. Haulizwi mengi. Anafungiwa vidonge vya njano vya klorofenamini, mara nyingi na amoksilini juu yake, na akitaja kuwa ngozi nayo inawasha anaongezewa mrija wa krimu. Baada ya wiki mbili amerudi dirishani.

Aleji, au mzio, si maambukizi. Ni kinga ya mwili kuona adui pasipo adui: vumbi, chavua, manyoya ya paka, karanga, kamba. Mwili unamwaga histamini, nayo ndiyo inayowasha na kuvimbisha. Hapo hakuna bakteria wa kuuawa. Amoksilini haimsaidii kitu, inawazoesha vimelea usugu tu, na kuna watu ambao yenyewe ndiyo aleji yao. Vile vidonge vya njano vinatuliza, lakini vinaleta usingizi, na mmezaji wake huenda ndiye anayekupakia kwenye bodaboda asubuhi hiyo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chanzo mara nyingi kiko kitandani. Utitiri wa vumbi, usioonekana kwa macho, hula magamba ya ngozi yetu na hustawi penye joto na unyevunyevu. Godoro la miaka kumi ni shamba lake. Mende naye, kinyesi na maganda yake yakisagika kuwa vumbi, huamsha pumu. Kufua mashuka kila wiki kwa maji ya moto wa nyuzi 60 na kulivika godoro mfuko usiopitisha vumbi ni kazi, tunakubali. Ila ni kazi inayogusa chanzo.

Krimu ndizo zinazotutisha. Nyingi zina betamethasoni, steroidi yenye nguvu. Muwasho unakata ndani ya siku mbili, na hapo ndipo mtego ulipo. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi hukonda na kuota chunusi. Na kama ule muwasho ulikuwa fangasi tangu mwanzo, fangasi anasambaa chini kwa chini. Sheria inataka cheti cha daktari kwa dawa hizi. Wakaguzi wanajua maduka yalipo.

Kisha ipo aleji inayoua kwa dakika. Mtu kaumwa na nyuki, au kachomwa sindano ya penisilini: midomo inavimba, mabaka yanatapakaa, pumzi inabana, presha inaporomoka. Hapo kidonge cha njano hakimwokoi. Kinachomwokoa ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, mara moja, kisha hospitali. Ni dawa ya zamani, tena ya bei nafuu. Tunataka kila chumba cha sindano nchini, cha umma na cha binafsi, kiwe nayo kwenye trei, si stoo iliyofungwa ambayo ufunguo wake kaondoka nao mtu aliyekwenda semina.

Na yule aliyewahi kubabuka midomo kwa dawa ya salfa, jina la dawa hiyo liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari lake la matibabu, leo, kabla muuguzi mwingine hajampa tena.