Gari Halipimwi kwa Mizani

Siku hizi hapa Tarime kuna neno moja linalotosha kukihukumu kitu kife. Neno hilo ni "chakavu". Likishatamkwa juu ya gari, trekta, mashine ya kusaga au cherehani, hakuna rufaa. Kesho yake anafika kijana na mizani, keshokutwa mwenzake na mtungi wa gesi ya kukatia, na kitu kilichoulisha ukoo mzima kwa miaka 30 kinaondoka vipande vipande juu ya lori. Mimi nasema huo ni uharibifu, na wanaouita biashara wanajidanganya. Najua nitachekwa. Nimekwisha chekwa vya kutosha tangu nilipolileta nyumbani gari aina ya Peugeot 404 lisilo na magurudumu, likiburutwa na trekta, na jirani akaniuliza kama nafungua banda la kuku.

Nianze na gari lenyewe, maana vijana wengi hawalijui. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Wazee wetu waliliita Pijo, basi, kana kwamba hakuna Pijo nyingine duniani. Injini yake ni ya silinda 4, ujazo wa sentimita 1,618, nayo imelazwa ubavu ili boneti iwe chini. Gia ziko kwenye usukani. Betri ikifa, kuna handeli ya kupigia kwa mbele, na mtu mwenye mkono wa jembe huliwasha bila kumwomba mtu asukume. Laina zake huchomolewa. Zikilika, fundi anatoa nne za zamani anatia nne mpya, wala bloku haina haja ya kupelekwa mjini kuchongwa. Aliyeibuni mashine hiyo alijua kuwa wapo watu wanaoishi mbali na gereji, akawaheshimu.

Na barabara zetu zilitoa ushahidi. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7, na la kwanza lilikuwa 404. Mwaka 1966, na tena 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, ndani ya 404. Mwaka 1968, mwaka wa tope lisilosemeka, yaliondoka 93, yakamaliza tena 7, na mbele yao 404. Wamarekani nao walijaribu bahati yao mwaka 1964. Walileta kikosi cha Mercury Comet zenye injini za silinda 8, nguvu tele, ngurumo tele. Mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Leo huko kwao magari ya enzi ile, yenye injini kubwa kupita mahitaji, huokotwa yakiwa yameoza kwenye mabanda ya mashamba, yakakarabatiwa kwa miaka, na mwenye nalo akatembea kifua mbele. Hakuna anayemwita mwendawazimu. Sisi tuliokuwa na gari lililoyashinda tunalipima kwa kilo!

Hili langu nililikuta nyuma ya ghala la mahindi, katika kijiji kimoja upande wa Nyamwaga. Mwenyewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Alikuwa mkulima wa kahawa, na gari hilo alilinunua likiwa limetumika, akalivusha mto Mara kwa pantoni kabla daraja la Kirumi halijajengwa. Mjane wake alinisimulia waliopandishwa humo. Wajawazito waliokimbizwa hospitali ya Tarime usiku wa mvua. Maharusi. Maiti mmoja kutoka Musoma aliyekalishwa kiti cha nyuma kati ya kaka zake wawili, kwa sababu hapakuwa na gari jingine. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, spea zikawa adimu kuliko dawa, na mzee akachonga gasketi kwa mkono wake. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, gari likiwa bado linatembea. Hiyo ndiyo "chakavu" tunayoambiwa.

Watoto wa marehemu walikuwa wamekwisha patana na mnunuzi. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki. Sikuwalaumu, maana walikuwa na ada ya shule ya kulipa, na gari zima, chuma kinachokaribia tani moja, lingewapatia fedha mkononi. Niliongeza kidogo juu ya bei ya mizani, tukakubaliana. Mjane alinishika mkono akasema, "Mura, ukilipata likilia, lipitishe hapa nilisikie." Mimi nina mvi kichwani, lakini kwake bado ni mura.

Basi nikaenda kutafuta fundi, na hapo ndipo nilipoliona jambo linalonikasirisha kuliko gari kukatwa. Katika gereji tatu nilizoingia, vijana walifungua boneti wakatazama kabureta kama watu waliooneshwa mnyama wa ajabu. Mmoja aliuliza pa kuchomeka mashine ya kusoma makosa. Si wajinga, ni hodari wa kazi waliyofundishwa. Lakini kazi hiyo ni ya kutoa kifaa kizima na kufunga kingine kizima kilichotoka Japani. Kutengeneza, yaani kukifanya kilichoharibika kiwe kizima tena, hawakufundishwa. Fundi aliyeweza nilimpata nyumbani kwake, amestaafu, macho hayaoni vizuri. Alijaribu kuzungusha injini kwa handeli, ikakataa, akasema pistoni zimeganda mbili, za tatu na nne. Tulipofungua ikawa hivyo hivyo.

Alizimwagia mafuta, akaziacha siku tisa. Pointi alizisugua kwa msasa laini, akazipima nafasi kwa kipande cha chuma alichokitunza katika pakiti ya sigara. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu hata unaona majani. Akachomelea bati jipya. Mjukuu wake wa miaka 17 alishika tochi wiki ya kwanza, spana wiki ya pili, na kufikia wiki ya sita alikuwa akifungua kabureta peke yake na kuirudisha bila kubakiwa na skrubu mezani.

Sasa nawajibu wapinzani wangu. Wapo wasemao kuwa kwa fedha nilizotumia ningenunua gari dogo la Kijapani likawa mchomoko wa Sirari na kuniletea hesabu kila jioni. Kweli. Lakini mchomoko huo ungemfundisha nani nini? Wapo wasemao gari la zamani hutoa moshi. Injini yenye ringi mbovu hutoa moshi, iwe ya mwaka 1966 au ya juzi. Wapo wasemao kilichotupwa kimetupwa. Hao nawakumbusha Joginder Singh, aliyeshinda Safari ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo PV544 iliyokwisha kukimbizwa na wengine nao wakainunua mkononi. Na wapo wasemao wanunuzi wa vyuma wanasafisha mazingira. Hebu niambieni, alama za barabarani zinazong'olewa na vyuma vya kingo za madaraja vinavyokatwa usiku, huko nako ni kusafisha?

Serikali hutoza ushuru wa uchakavu kwa gari kuukuu linaloingia nchini. Sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni kwamba kila chuo cha ufundi, VETA wakiwa wa kwanza, kitengewe injini moja ya namna hii, ifunguliwe na kufungwa na kila mwanafunzi mpaka ajue kwa nini inawaka. Ziko vijijini. Hazihitaji wafadhili wala semina, zinahitaji trekta la kuzivuta kabla ya yule mwenye gesi hajafika. Mafundi wa kuzifundisha nao wapo, ila idadi yao hupungua kwa kila msiba, na huyo wangu ana presha.

Gari langu liliwaka siku ya Alhamisi, likazima, likawaka tena. Breki bado, rangi bado, na taa ya nyuma ya kushoto sijaipata hata baada ya kuitafuta mpaka Musoma. Kama unayo 404 nyuma ya nyumba yako, usiiuze kwa kilo kabla sijafika kuiona. Nitakuja na bei yangu, na nitakuja na yule kijana.