Pasta, Umemuuliza Anataka Nini?

Jumapili moja nilimwalika beshte yangu kanisani tao. Yeye hutumia kiti cha magurudumu tangu akiwa mtoto. Tulitoka Kangemi mapema, kwa sababu si kila matatu ya Waiyaki Way itasimama ikiona hicho kiti. Kanisa liko ghorofa ya tatu na siku hiyo lifti ilikuwa imekufa.

Vijana wanne wa kukaribisha wageni wakambeba. Hakuna aliyemuuliza anabebwa vipi. Mmoja akashika gurudumu linalochomoka, nusura wamwangushe kwa ngazi. Huko juu wakamweka mbele kabisa, kando ya spika. Mimi nikaambiwa nikae nyuma, ati mbele kumejaa.

Halafu pasta akasimamisha ibada. Kanisa lote likanyoosha mikono. "Simama kwa imani!" Hakusimama. Wakaomba tena, sauti juu zaidi. Simu zikatoka, watu wakaanza kurekodi. Mwishowe pasta akasema kuna mtu humo ndani imani yake ni ndogo, kisha tukaingia kwa sadaka.

Ibada ilipoisha, wale vijana wanne walikuwa washaenda. Tulingoja karibu saa nzima kupata watu wa kumshukisha. Tukiwa hapo kwa ngazi akaniambia, "Kesho nina intavyuu ya kazi. Mimi nilitaka waniombee hiyo."

Hajawahi kurudi.

Wasee, soma Marko 10. Bartimayo alikuwa kipofu na kila mtu pale Yeriko aliona hivyo. Yesu pia aliona. Bado, kabla ya kufanya chochote, alimuuliza anataka afanyiwe nini. Kama Yesu mwenyewe aliuliza, pasta wetu ana haraka ya kwenda wapi?

Sisemi watu wasiombewe uponyaji. Mtu akitaka, muombee hadi usiku wa manane. Lakini usimgeuze onyesho halafu umwachie lawama muujiza usipotokea.

Na sidhani huyo pasta ni mtu mbaya. Nadhani hakuna aliyewahi kumfundisha. Ajabu ni kwamba mafunzo haya hayatoki mbali. Tangu 1998 kuna mtandao unaoitwa EDAN, ulio chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na kwa miaka mingi uliongozwa kutoka hapa hapa Nairobi na Samuel Kabue, Mkenya asiyeona. Kazi yao ni kusukuma makanisa na vyuo vya theolojia vichukulie ulemavu kama jambo la kanisa lote. 2003 Baraza hilo likatoa tamko zima kuhusu kanisa la wote na kwa ajili ya wote. Kumbe elimu iko. Haijafika tu kwa mimbari nyingi tunazokaa mbele yake.

Na si watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 900,000 wenye ulemavu. Katiba, kifungu cha 54, inawapa haki ya kufika mahali pote na kupata habari. Kifungu cha 120 kinafanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Yaani kiziwi anatambuliwa Bungeni kuliko kwa kanisa lenu.

Najua jibu: "Hatuna pesa." Sawa, lifti ni ghali, na jengo si lenu. Lakini tumechanga mara ngapi za skrini mpya na spika? Na kuuliza "nikusaidie vipi?" ni bure. Kuhamishia ushirika wa katikati ya wiki kwa nyumba ya chini ni bure. Kumpa mtu wa kiti cha magurudumu nafasi ya kusoma neno au kuhesabu sadaka, badala ya kumpelekea unga kila Krismasi, hiyo pia ni bure.

Kwa hivyo ombi langu kwa wachungaji ni hili: tengeni siku moja mfunzwe, na anayefunza awe mtu mwenye ulemavu mwenyewe. Asiwe mtaalamu wa kuwazungumzia. Awaambie ni nini kinauma, ni maneno gani yanafukuza watu, na mzazi wa mtoto mwenye usonji anahitaji nini mtoto akipiga kelele katikati ya mahubiri. Mje na wale wa kukaribisha wageni pia, kwa sababu wao ndio watu wa kwanza mgeni kukutana nao.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya pasta. Siku ile tulioshika simu ni sisi. Walioenda nyumbani wakiacha mtu ghorofa ya tatu ni sisi. Mimi mwenyewe nilikaa nyuma nilipoambiwa, nikanyamaza.

Beshte yangu anasoma hizi posti zangu. Nimemuuliza kama niandike hii, akasema niandike. Sasa niambieni: kwa kanisa lenu, angeweza kuingia? Na akishaingia, kuna mtu angemuuliza amekuja na ombi gani?