Nauli ya Tangazo Unailipa Wewe

Majuzi nilikuwa kwenye saiba moja karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, nikingoja zamu yangu ya kuchapisha. Mbele yangu alikaa msichana wa mwaka wa nne na laptopu yake, simu ameiweka kando ikimpa intaneti. Alitaka jambo dogo tu: kugeuza mradi wake kutoka Word uwe PDF, maana msimamizi wake hapokei vinginevyo. Programu yake ya bure ikafunguka, ikamwambia asubiri sekunde 15. Video ya kamari ikaanza kucheza. Ilipokwisha vikatokea vitufe viwili vya kupakua, kimoja kikubwa cha kijani, kingine cha kijivu kimejibanza pembeni. Akabonyeza cha kijani, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kumbe nacho ni tangazo. Kabla hajalifunga, ujumbe ukaingia kwenye simu: bando limekwisha.

"Si neno," akamwambia mwenye saiba, "bora programu yenyewe ni ya bure."

Kauli hiyo naisikia kila mahali, Kibabii hadi Kitale. Eti matangazo ni kero tu, lakini asiye na pesa ayavumilie kwa kuwa ndiyo yanayomlipia. Uongo. Mtangazaji humlipa mwenye programu. Je, nauli ya kulileta tangazo lenyewe mpaka Bungoma inatoka mfukoni mwa nani? Mwako, kwa zile megabaiti ulizonunua kwa shilingi 20. Ni kama upande matatu ya Chwele, konda akupakatishe gunia la mtu usiyemjua, kisha akudai na nauli ya gunia.

Mtindo huu unawafaa watu ambao intaneti yao haipimwi, wanaolipa mara moja kwa mwezi wakasahau. Hao tangazo huwaibia dakika. Sisi wa bando la saa moja linatuibia dakika na pesa pamoja. Na tunachouziwa ni masalio. Jicho la mtu wa Bungoma halina bei ya jicho la mtu wa New York, kwa hiyo wenye bidhaa za maana hawajisumbui nasi sana. Wanaobaki ni wa kamari, wa mikopo ya haraka, na wale wanaokupigia kelele kwamba kompyuta yako imejaa virusi ilhali hawajawahi kuiona.

Nikisema haya naambiwa: mbona West FM, redio yetu ya hapa Bungoma, inapiga matangazo na huilalamikii? Silalamiki kwa sababu tangazo la redio halili bando langu. Mara nyingi linataja duka ninaloweza kulifikia kwa boda. Na nikizima redio, haimwendei mtu kumwambia nilikuwa nikisikiliza nini.

Programu humwendea mtu. Chukua Avast, kinga ya virusi ambayo wengi wetu tumeitumia bure. Tulidhani gharama yake ni vile vidirisha vya kutusihi tununue toleo la kulipia. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitoza dola milioni 16.5, ikiishtaki kwamba kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake kwa kampuni zaidi ya 100. Jumpshot ilikwisha kufungwa mwaka 2020, baada ya siri kufichuka. Kumbuka kwamba hii ni programu iliyojinadi kuwa itakulinda dhidi ya wanaokufuatilia! Mla cha mwenziwe na chake huliwa, ila hapa aliyeliwa hakuambiwa kuna karamu.

Simtukani mwandishi wa programu. Naye ana watoto na karo. Kivinjari cha Opera kilipoanza kutolewa bure mwaka 2000 kiliweka mkanda wa tangazo juu ya dirisha, na asiyeutaka alilipa ukaondoka. Bei uliiona kwa macho yako. Mkanda huo uliondolewa kabisa mwaka 2005. Basi kama programu unaitumia kila siku na inakupa nafasi ya kulipa, lipa. Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya kulipia ng'ambo. Usikimbilie kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Huko ni kutoka kwa kupe ukaingia kwa chatu.

Lakini mara nyingi hata kulipa hakuhitajiki, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Word ya msichana yule ilikuwa na uwezo wa kuhifadhi PDF. Windows 10 yake nayo huja na printa ya PDF ndani yake. LibreOffice, iliyo bure na isiyo na tangazo hata moja, hufanya vivyo hivyo. Nilimwomba aufungue mradi wake, abonyeze Ctrl na P, achague PDF badala ya printa ya saiba. Intaneti haikuhitajika. Kurasa zote zikawa tayari kabla mwenye saiba hajamaliza kuhesabu chenji.

Tukaiondoa ile programu ya bure. Ikajaribu kufungua ukurasa wa kutuuliza kwa nini tunaiacha. Haukufunguka. Bando lilikuwa limekwisha.