Ilani ya Mkuyuni: Tupimwe Vyote Viwili

Sisi wa Mkuyuni, jijini Mwanza, wavuvi, wauza dagaa, mama lishe, mafundi na waendesha bodaboda, wengine tuna virusi vya homa ya ini aina ya B, wengine tuna VVU, wengine tumebeba vyote viwili. Wengi hatukujua kwa kuugua. Tulikwenda kuchangia damu, na Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, hupima VVU, homa ya ini B na C, na kaswende.

Tumbo likijaa maji, majirani hunong'ona kuwa mtu karogwa. Hajarogwa; huenda ini lake limeharibika. (Huku ziwani hata kichocho hujaza tumbo, kwa hiyo pima kwanza.) Homa ya ini B hupitia njia zile zile za VVU: damu, kujamiiana, mama kwa mtoto anapojifungua. Ndiyo maana virusi hivi hukutana katika mwili mmoja, na vikikutana ini huwahi kusinyaa au kuota saratani. Kula sahani moja ya ugali na sato hakuambukizi. Anayemtengea mgonjwa vyombo anamwonea.

Sasa tazameni kioja. Dawa iitwayo tenofovia hufubaza virusi vyote viwili. Mwenye VVU huipata kwenye kliniki ya VVU (CTC) ndani ya kidonge chake cha kila siku, bila malipo, kwani Tanzania ilianza kugawa dawa za VVU (ARV) bure mwaka 2004. Mwenye homa ya ini B peke yake, kwa dawa hiyo hiyo, mara nyingi huambiwa akanunue. Mtu asifikishwe mahali pa kutamani VVU ili aokoe ini lake!

Tunadai anayepimwa kirusi kimoja apimwe na cha pili siku hiyo hiyo. Si kila mwenye homa ya ini B anahitaji dawa leo, lakini anayehitaji apewe bure, kwenye zahanati ya karibu, si mpaka apande kilima cha hospitali ya rufaa ya Bugando. Mwenye vyote viwili asiondolewe tenofovia kienyeji. Ikikatwa, kirusi cha homa ya ini B huweza kulipuka na kuliangusha ini. Mtoto achanjwe dhidi ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Nasi tuliozaliwa kabla ya 2002, chanjo hii ilipoingia kwenye ratiba ya watoto, tupimwe, na tusioambukizwa tuchanjwe.

Kujiunga nasi katika madai haya hakuna ada, wala hatuulizi majibu ya mtu.