Jumamosi ya Ujiji
Wageni wengi wenye siku mbili tu Kigoma hukimbilia Gombe kuwaona sokwe, wakairuka Ujiji iliyo mwendo mfupi tu wa daladala. Hasara kubwa! Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, lakini ndipo pia ilipoishia njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo, habari nzito inayostahili muda zaidi ya picha moja ya mnara wa Stanley na Livingstone. Basi Jumamosi nzima iwe ya Ujiji, na jioni stesheni ya Kigoma, kazi ya Wajerumani waliofikisha reli ziwani mwaka 1914. Jumapili mtu aamkie mwalo wa Kibirizi, mitumbwi ya karabai ikirudi na dagaa, kisha aagize mgebuka wa kukaanga kwa mawese.